Ruhusa ya Kulia

Nchi ninayoisimulia haimo katika ramani, na wachoraji ramani wameshaombwa kwa adabu waiache hivyo hivyo. Ni nchi tulivu. Utulivu wake unalindwa na wizara nzima, Wizara ya Utulivu, yenye jengo refu kuliko hospitali kuu na walinzi wengi kuliko madaktari. Mimi ni raia wa kawaida, sina malalamiko, na haya ninayoyasema nayasema kwa nia ya kuisifu.

Yalianza katika kiwanda cha magodoro. Kiwanda kilishika moto mchana kweupe, askari wa zimamoto wakaingia, wakatoka wote isipokuwa Koplo Liganga. Moshi wa magodoro ni mzito, mtu akiunyoosha mkono wake mwenyewe haoni vidole. Koplo Liganga aliupoteza ukuta aliokuwa akiufuata, akazunguka, akazunguka tena, hewa ya mtungi ikamwishia mgongoni. Walipomkuta alikuwa amelala karibu na mlango kiasi kwamba angenyoosha mguu angeusukuma. Wenzake walikuwa upande wa pili wa jengo, wakimwita kwa jina.

Serikali ilichukua hatua. Ilimzika kwa heshima zote, ikampandisha cheo akiwa kaburini, ikaagiza milango ya viwanda vyote ipakwe rangi ya njano ili ionekane ndani ya moshi. Waliosema kwamba ndani ya moshi rangi zote ni nyeusi waliambiwa waache kukatisha watu tamaa.

Miongoni mwa waliobeba jeneza alikuwamo Sajenti Zamda Mkopi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, mke wa fundi cherehani aitwaye Shomvi. Yeye ndiye aliyeingia kiwandani pamoja na Liganga, na ndiye aliyempapasa gizani akamkosa. Pale makaburini hakulia. Shomvi aliwaambia majirani kwamba mkewe siku hizi akioga huacha mlango wazi.

Nchi yetu ilikuwa pia na Taasisi ya Safari za Mwezini. Kila rais aliyeingia aliiwekea jiwe la msingi, jiwe juu ya jiwe, mpaka mawe yenyewe yakaanza kupaa kidogo. Roketi haikuwa imefika. Lakini katika vyumba vya nyuma, mbali na mawe, walikuwamo watu wachache waliofanya utafiti wa kweli, na mmoja wao alikuwa Dakta Adelina Mwambola. Alikuwa ametengeneza kifaa cha kumlinda msafiri wa mwezini, kitu kidogo cha kuvaa kifuani. Kilisikiliza moyo na pumzi, kilihisi joto la pande zote, na kiliwaambia walio mbali: yuko hapa, yu hai, na hapo alipo panageuka kuwa pabaya.

Adelina alisoma habari za Koplo Liganga gazetini, chai yake ikapoa. Mwezini hatukuwa na mtu. Ndani ya moshi tulikuwa nao karibu kila wiki. Kesho yake alikifunga kifaa chake katika kanga, akaenda nacho kituo cha zimamoto, akaomba kuonana na yeyote ambaye angekuwa na nafasi. Walimpeleka kwa Zamda kwa sababu wengine walikuwa wakiosha magari kwa ajili ya gwaride.

Kazi haikuwa rahisi. Kilichotengenezwa kwa ajili ya baridi ya mwezini kiliyeyuka katika joto la kwanza walilolijaribu, kikamdondokea Zamda mguuni kama nta. Adelina akatafuta kitambaa kingine, nyaya nyingine, betri isiyovimba. Cha pili hakikuyeyuka, ila kilipiga kengele mara tu Zamda alipoukaribia mlango wa nyumba ya mazoezi, maana moyo wake ulikuwa ukienda mbio. Adelina alifikiri kimeharibika. Zamda akamwambia kwamba moyo wake hupiga hivyo kila anapoingia motoni, na hajapata kumwona askari ambaye wake haupigi. Wakakifundisha kuutofautisha moyo wenye hofu na moyo unaoelemewa.

Kisha wakafika kwenye jambo ambalo askari wote wa zimamoto wanaliogopa. Chumba kinapoungua, moshi hujikusanya darini na kuchemka, na ukifika kiwango fulani moshi wenyewe hushika moto, chumba chote kikawaka kwa mkupuo. Aliye ndani hana muda wa kugeuka. Adelina alikitengeneza kifaa kiwe kinautazama moshi wa juu na kupiga kengele kabla haujafika hapo. Walijaribu, wakakosea, wakarudia, na msimu wa mvua ulipokwisha walikuwa na mkanda mwepesi wa kufunga kifuani, wenye kengele kali ambayo hata kiziwi angeihisi mbavuni. Siku waliyoujaribu mara ya mwisho, chumba cha mazoezi kiliwaka wakati Zamda ameshatoka na kukaa kivulini. Aliuvua mkanda akaushika mapajani, na hapo ndipo alipomlilia Liganga, kwa sauti, mbele ya Adelina na vijana wote wa kituo.

Habari njema hazifichiki, zikaifikia Wizara ya Utulivu. Waziri wetu wakati huo alikuwa Mheshimiwa Kasiano Mgombozi, mtu mwenye sauti nzito na suti nzito zaidi. Alitangaza kwamba mkanda ule ulikuwa wazo lake la muda mrefu, na kwamba angeuzindua yeye mwenyewe, akiwa ameuvaa, katika uwanja wa taifa.

Nilikuwapo. Shule zote zilifungwa tukajazwa uwanjani tangu asubuhi, jua likituchoma kwa usawa bila upendeleo. Waziri alivaa mkanda juu ya suti, akapanda jukwaani, akaanza kueleza historia ya moto tangu binadamu alipougundua. Jua lilipofika utosini alikuwa bado hajamaliza karne za mwanzo. Jasho likamtiririka. Alipofika mahali pa kusema, "Nawahakikishia wananchi kwamba katika nchi hii hakuna hatari ya aina yoyote," mkanda ukapiga kengele.

Ulipiga kwa nguvu sana. Walinzi wakamlalia Waziri. Bendi, kwa kudhani ni ishara yao, ikaanza wimbo wa taifa, kwa hiyo sote tukasimama kwa heshima huku Waziri akiwa chini. Adelina ndiye aliyekwenda kuuvua mkanda, akamweleza kwa upole kwamba kifaa kimehisi mwili wake umezidiwa na joto, na angefaa anywe maji akae kivulini. Mtu mmoja nyuma yangu alicheka. Hatujamwona tena, ila inasemekana alihama.

Wiki iliyofuata ikatoka Kanuni ya Kengele. Ilieleza kwamba kutangaza hatari ni mamlaka ya Waziri peke yake, na kwamba kifaa kinachotangaza hatari bila kumwuliza mtu ni kifaa kichochezi, hata kama hakina nia mbaya. Kuanzia siku hiyo mkanda ukihisi hatari usipige kengele, bali upeleke ishara kwa siri wizarani, kwenye Dawati la Uthibitisho wa Hatari. Dawati litatafakari, litamwarifu Waziri, na Waziri akiridhika atatoa ruhusa ya kulia. Hapo mkanda utalia. Mafundi wa wizara wakaifungua mikanda yote, wakaibadilisha, wakaitia lakiri.

Adelina alikwenda wizarani kupinga. Alieleza kwamba kati ya kengele na moto kuna muda wa mtu kupiga hatua chache tu na kutoka nje, na kwamba muda huo hautoshi hata kupanda ngazi za wizara. Waziri alimsikiliza mpaka mwisho, akamwagizia soda.

"Dakta," alisema, "wewe umezoea mambo ya angani. Angani hakuna wananchi. Hapa kuna wananchi, na wananchi wakisikia kengele hukimbia."

Adelina akajibu kwamba ndiyo kazi ya kengele. Waziri akatazama saa yake, na kikao kikawa kimekwisha.

Moto uliofuata ulikuwa katika ghala la viatu vya plastiki. Mlinzi wa ghala alisemekana kubaki ndani, kwa hiyo Zamda aliingia na wenzake watatu. Adelina alikuwa amepewa kibali cha kukaa garini na kutazama kioo cha kupokelea ishara za mikanda, pasipo kugusa chochote. Katika kioo aliiona mioyo minne ikienda mbio, hilo halikumtisha. Kisha akaliona joto la juu likianza kupanda, na ishara ikaondoka kimya kimya kwenda wizarani.

Alipiga simu kwenye Dawati. Aliyepokea alikuwa ofisa wa zamu, kijana mmoja msikivu aitwaye Elinami. Alikiri kwamba ishara ameiona, ni nzuri na inasomeka vizuri, lakini mkuu wake yuko kwenye semina ya utayari wakati wa dharura, na simu za washiriki zimekusanywa mlangoni. Akamwomba Adelina asikate simu wakati yeye akimtafuta mtu mwingine. Adelina alisikia viatu vyake vikikimbia kwenye korido, kisha mlango, kisha hakusikia kitu.

Aliiweka simu chini. Akachukua kipaza sauti kilichokuwa cha kuwafukuzia watazamaji, akasogea mpaka karibu na mlango wa ghala na kusema, "Zamda, tokeni. Juu kunawaka. Acheni kila kitu mtoke."

Walitoka, wa mwisho akiwa Zamda, amemshika mwenzake ukosi. Hawakuwa wamefika kwenye gari wakati madirisha ya ghala yalipopasuka yote kwa pamoja na paa likashuka. Mlinzi wa ghala alionekana baadaye kidogo akitokea hotelini, ana chapati mkononi, akiuliza kuna nini. Watu walipiga makofi. Ofisa wa polisi aliyekuwapo alipiga makofi pia, kisha akaenda kwa Adelina akamwomba radhi, akamfunga pingu.

Kesi ilisikilizwa hadharani, nami nilihudhuria, maana mahakamani kuna feni. Shtaka lilikuwa kutangaza hatari bila mamlaka. Mwendesha mashtaka alikuwa mtu makini. Alisema hataki kumwonea msomi, kwa hiyo angethibitisha jambo moja tu, kwamba hatari yenyewe haikuwapo. Alimwita Zamda kizimbani akamwuliza kama aliungua. Zamda akasema hapana. Akamwuliza kama wenzake waliungua, naye akasema hapana. Kuna aliyekufa? Hapana.

"Basi iambie mahakama," alisema mwendesha mashtaka, "hiyo hatari ilikuwa wapi."

"Ilikuwa pale tulipotoka," alisema Zamda.

Mwendesha mashtaka aliiomba mahakama itambue kwamba shahidi anataja mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwapo. Hakimu alitambua. Katika hukumu yake alisema kwamba sheria haiwezi kuitambua hatari isiyomdhuru mtu, kama isivyoweza kutambua wizi ambao hakuna kilichopotea. Laiti mmoja angedhurika, mahakama ingekuwa na mahali pa kusimama. Akamfunga Adelina miaka miwili, na kwa huruma akaacha mlango wa rufaa wazi, siku utakapopatikana ushahidi mpya. Zamda na wenzake walishushwa cheo kimoja kimoja kwa kuacha kazi katikati ya moto.

Zamda alikuwa akienda gerezani kila siku ya wageni. Walikaa wametenganishwa na wavu, askari magereza pembeni akijifanya anatazama kucha zake. Adelina alimwambia kwa sauti ya chini kwamba ndani ya mkanda kuna waya mmoja wa kijani, ukikatwa mkanda utalia wenyewe kama zamani. Zamda alikuwa ameshaufikiria. Mikanda ilikuwa inakaguliwa kila asubuhi, na vijana wawili waliowekwa chini yake walikuwa wapya, wana wazazi wanaowategemea. Akikata wake peke yake utalia wake peke yake, na yeye atafungwa, na vijana wataingia na kiongozi mwingine asiyeujua moshi.

"Basi usiingie," alisema Adelina.

"Kukiwa na mtu ndani, nitaingia. Wewe mwenyewe unajua."

Adelina akamsihi angalau asiende mbali na mlango. Zamda alimwahidi. Akamwachia sabuni na karanga alizokaanga Shomvi, akaondoka.

Kiwanda cha mafuta ya kupikia kilishika moto siku ya sikukuu ya taifa, mchana, wakati gwaride likipita. Wafanyakazi wawili walikuwa wamenaswa ndani. Zamda aliingia na vijana wake. Nasikia walimtoa mmoja, wakarudi kwa wa pili, na huyo naye walimsukumia nje kupitia dirishani. Ishara ilikuwa imeshapelekwa wizarani. Safari hii Dawati halikuzubaa, mkuu alikuwapo na Elinami alikuwapo, na ishara ilipokelewa, ikasomwa na kukubaliwa ngazi zote. Iliyobaki ilikuwa ya Waziri, na Waziri alikuwa jukwaani akipokea saluti, wala si adabu mtu kupokea simu huku anapigiwa saluti.

Moshi wa juu uliwaka. Zamda na wale vijana wawili walikuwa ndani.

Gwaride lilipokwisha Waziri akapokea simu, akaridhika, akatoa ruhusa. Sisi tuliokuwa tumekusanyika nje ya kiwanda tukazisikia kengele zikianza kulia, tatu, chini ya mabati yaliyoanguka. Mikanda ilikuwa imetengenezwa vizuri sana, moto haukuiweza. Zililia wakati askari wakifukua. Zililia wakati Shomvi alipofika, futi ya kupimia nguo ikiwa bado shingoni mwake, akaenda moja kwa moja kuelekea kwenye mlio, watu wakamshika. Mtu mmoja aliwaomba maofisa wazizime kwa ajili ya wafiwa. Wakasema wangependa sana, lakini ruhusa iliyotolewa ilikuwa ya kulia, ya kunyamaza haijaombwa. Ziliendelea mpaka betri zikaisha.

Serikali ilisikitika, na katika masikitiko yake haikuisahau haki. Mwendesha mashtaka yule yule alirudi mahakamani kwa hiari yake, akaeleza kwamba ushahidi mpya umepatikana. Moshi wa darini huwaka kweli, na ukiwaka huua, na sasa kuna miili mitatu inayothibitisha. Hivyo basi ile hatari aliyoitangaza Dakta Mwambola katika ghala la viatu huenda nayo ilikuwa ya kweli. Hakimu alifuta hukumu. Adelina alitoka gerezani siku ile ile, na Waziri Mgombozi alimpokea langoni na shada la maua, akatoa hotuba kuhusu sayansi. Alisema nchi ichukue funzo kwamba anayevumilia hula mbivu.

Adelina alilipokea shada kwa sababu liliwekwa mikononi mwake. Akatembea nalo mpaka kwa Shomvi, na alipofika kibarazani hakujua aliweke wapi.

Shomvi alikuwa mbele ya cherehani, lakini hakuwa anashona. Alimkaribisha, akamtolea kiti. Adelina alikaa, akasema alichokwenda kusema.

"Shemeji, wamenitoa kwa sababu ya Zamda."

"Najua," alisema Shomvi. "Walipita hapa asubuhi kunipongeza."

Alimwuliza habari za afya yake na chakula cha gerezani. Kisha akauliza ule mkanda, pamoja na joto, unaonyesha nini kingine. Adelina akamwambia unaonyesha mtu alipo, na pumzi zake, na moyo. Shomvi akataka kujua kama siku ile nao ulionyesha moyo. Adelina akasema ndiyo, kwa vyovyote ulionyesha. Shomvi akainuka, akavaa shati.

"Nataka kumwona aliyekuwa anautazama," alisema. "Twende unionyeshe."

Walikwenda wizarani kwa miguu. Nawajua walinzi wa pale, hawampitishi mtu bila miadi, lakini siku hiyo picha ya Adelina na Waziri ilikuwa imebandikwa getini, wakampigia saluti yeye na aliyefuatana naye. Dawati la Uthibitisho wa Hatari lilikuwa chumba kidogo cha ghorofani, chenye kioo kimoja na viti vichache. Elinami alikuwa peke yake. Adelina akamtambulisha Shomvi kuwa ni mume wa Zamda, na yule kijana akasimama.

Shomvi hakugomba. Alimwuliza tu aliona nini.

Elinami alitazama mlangoni kwanza. Kisha akasema kwamba vijana wawili walitangulia, kwa pamoja. Moyo wa Zamda ulibaki. Ulikuwa ukipiga kwa kasi, halafu ukatulia, ukawa unapiga taratibu kama wa mtu aliyekaa. Katika kioo alionekana hasogei tena, alikuwa pale pale walipokuwa wale vijana.

"Ulipiga muda mrefu," alisema. "Tulikuwa tumesimama wote hapa. Mkuu ameshika simu. Tulikuwa tunamwomba Mungu ili Waziri apokee."

"Mngekuwa na namba yangu, ningepokea mimi," alisema Shomvi.

Kisha akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani, mikono usoni. Adelina akakaa kando yake. Kijana akabaki amesimama, akiangalia dawati lake, simu yake, mlango. Baadaye akatoka mbio kwenye korido, na aliporudi alikuwa na glasi ya maji aliyoichukua katika ofisi ya Waziri, ambako hairuhusiwi kuingia. Akapiga magoti akamshikia Shomvi glasi mdomoni.